Mkanda mmoja umenyauka, mwingine umetoka plastiki tupu: ni joto la Dar au ni dawa?

mtoto_wa_temeke

Wakuu, habari za jioni. Najua wengi humu mnapiga dijitali, ila naamini wapo wachache waliobaki na mikanda ya kamera (filamu), na kwa hao ndio naleta kilio changu.

Nina Pentax K1000 ya marehemu babu. Mikanda naagiza, HP5 Plus ya nyeusi na nyeupe, bei yake mnaijua. Kupeleka kusafishiwa halafu nilipe tena na kuskani niliona najikamua bure, nikatafuta tangi la Paterson la mtumba, D-76 ya unga (ndiyo devolopa, dawa ya kutoa picha), fiksa ya maji (dawa ya kuifanya picha ibaki) na kipimajoto cha jikoni, nikaanza kusafisha mwenyewe bafuni. Bafu letu ni la nje, bati juu, halina dirisha, usiku giza lake ni la uhakika.

Mkanda wa kwanza nilipiga Feri asubuhi kwenye mnada wa samaki, na fremu za mwisho ni bibi yangu Kigamboni akisuka ukili. Devolopa ilisoma nyuzi 31, maana ndiyo hali ya hewa yenyewe mwezi huu. Nikapunguza muda kwa kukisia. Nilipoimwaga nikasuuza kwa maji ya friji yaliyokuwa yameanza kuganda juu, kwa hesabu kwamba kama joto ndilo linaloharibu, heri nipooze haraka. Kisha fiksa, kisha maji ya bomba.

Picha zipo. Lakini nimeuweka mkanda juu ya mwanga wa simu, nikautazama kwa lenzi ya milimita 50 niliyoigeuza nyuma mbele, naona uso mzima una nyufa ndogondogo zilizoshikana, kama tope la jaruba baada ya maji kukauka. Upande wa plastiki ni laini, nyufa ziko upande wa dawa, yaani kwenye utando wenye picha. Usoni kwa bibi zimepita hadi kwenye mboni za macho. Na pale nilipopitisha vidole viwili kukamua maji, utando umechubuka pembeni, nikabaki na ute mweusi mkononi.

Mkanda wa pili ndio umenichosha kabisa. Hauna kitu. Unapitisha mwanga mwanzo hadi mwisho. Na safari hii dawa zote zilikaa friji kwanza, kwa hiyo joto sitaki kulisingizia.

Sasa wakuu, ni joto, ni dawa, ni maji ya bomba, au ni kamera ya marehemu? Na ule wa bibi kuna namna ya kuurudisha?

nuru_tudor

Pole sana ndugu yangu. Mimi niko Mombasa na joto letu ni hilohilo, nakuelewa.

Huo mkanda wa pili, kabla hujalaumu chochote, utazame pembeni kwenye matundu. Kuna namba za fremu na jina la mkanda? Yale maandishi hayapigwi na kamera. Kiwanda huyachoma kwa mwanga kabla mkanda haujafungwa koponi, na hukaa humo yakingoja devolopa iyatoe. Ukiyaona yamekolea vizuri na picha hakuna, dawa zako ni nzima, kamera ndiyo haikuvuta mkanda. Hizo K1000 ukifunga mgongo kabla ulimi (ncha ya mwanzo ya mkanda) haujashika sawasawa kwenye kigurudumu cha kuvutia, utapiga harusi nzima juu ya kipande kimoja. Siku nyingine ukivuta fremu, tazama kile kitufe cha kurudishia mkanda upande wa kushoto. Kikizunguka, mkanda unakwenda.

Lakini ikiwa hata maandishi hayapo, hapo tuzungumze dawa.

mtoto_wa_temeke

Nimeangalia tena kwa mwanga wa jua. Hakuna namba, hakuna jina, hakuna hata alama.

dakirumu74

Basi ulianza na fiksa.

Kijana, mimi ni mama mtu mzima, nimesimama dakirumu (chumba cha giza cha kusafishia picha) ya studio moja Kariakoo tangu enzi za nyeusi na nyeupe mpaka mashine za rangi zilipotutoa, kwa hiyo nivumilie nikiongea kirefu.

Kazi ya fiksa ni kuondoa kwenye mkanda chumvi ya fedha yote ambayo devolopa haikuigeuza kuwa nyeusi. Devolopa ikiwa haijapita, fiksa haina cha kubakiza, inazoa yote, pamoja na yale maandishi ya kiwandani. Hapo hata ukitia devolopa baadaye unaosha plastiki. Kitu kingine kinachoweza kuleta sura hiyohiyo ni devolopa iliyokufa kabisa, na D-76 inapokufa mara nyingi hukuonyesha kwa kugeuka kahawia. Yako ni ya rangi gani?

Usibishane na kumbukumbu zako, pima. Ule ulimi wa mkanda unaobaki nje ya kopo umeshaungua kwa mwanga, hauna picha, hupotezi kitu. Ukate vipande viwili. Kimoja kitumbukize kwenye unachokiita devolopa, taa ikiwa imewaka: kinatakiwa kiwe cheusi tii ndani ya dakika chache. Kingine kwenye unachokiita fiksa: kinaanza na weupe wa maziwa, halafu kinakuwa wazi. Hesabu sekunde zilizopita hadi kiwe wazi, kisha mkanda wako ukae kwenye fiksa si chini ya mara mbili ya muda huo. Fiksa ikianza kuchukua muda mara mbili ya ilivyokuwa mpya, imechoka, achana nayo. Kwetu hakuna aliyefungua tangi asubuhi kabla ya kuchovya ulimi.

Sasa nikuulize, dawa umeweka kwenye chupa gani? Nabashiri. Chupa za maji ya kunywa, mbili zinazofanana, ndani ya friji moja na juisi ya watoto. Devolopa na fiksa zote ni maji maangavu, hakuna jicho linalozitofautisha. Toa hizo chupa leo hii, hata kabla ya kumaliza kusoma. Mkanda ukiharibika ni hasara ya pesa, ila mtoto akiamka usiku ana kiu ni habari nyingine. Tafuta madumu ya rangi mbili tofauti, ya shepu tofauti ili hata gizani mkono ujue, na yakae mbali na jikoni.

Nije kwenye nyufa. Utando wa mkanda ni jelatini, ile inayotengenezwa kwa ngozi na mifupa ya mifugo. Ikilowa inavimba. Ikilowa kwenye maji ya joto, tena yenye alkali kama devolopa, inavimba zaidi na kulegea. Ukiimwagia barafu ghafla inajikunyata, lakini plastiki ya chini haijikunyati nayo, basi utando unakunjamana juu yake. Mikanda ya leo inakazwa kiwandani, hainyauki kwa tofauti ya nyuzi tatu nne. Wewe umeutoa 31 ukaupeleka kwenye maji yanayoganda. Na huko kuchubuka ni jambo hilohilo: jelatini iliyolegea haiguswi na kidole. Ungeining'iniza tu imwage maji yenyewe.

Ule wa bibi haurudi. Hakuna dawa inayonyoosha hizo nyufa, na atakayekuuzia anakuibia. Uskani ulivyo, usiuguse upande wa dawa, na uende Kigamboni ukampige tena maadamu yupo.

Kuhusu joto nataka unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wa pwani wanapojitesa. Mmesoma nyuzi 20, mnakimbizana na 20. Bomba la Dar halikujui wewe na 20 zako. Unashusha devolopa hadi 20 kwa barafu, fiksa iko 27, maji ya kuoshea 30, mkanda unapandishwa na kushushwa ngazi mpaka uchoke. Chagua joto moja unaloweza kulishikilia kuanzia dawa ya kwanza hadi ndoo ya mwisho, na muda wa devolopa uufuate joto hilo. Mimi huchagua 24.

Kwa HP5 na D-76 uliyoizimua moja kwa moja, yaani nusu dawa nusu maji, kwenye 20 ni dakika 13. Kwenye 24 ni kama 9. Ukitumia dawa nzima bila kuzimua, kwenye 20 ni dakika saba na nusu, na kwenye 24 unaangukia kwenye tano, na hapo sikushauri. Muda mfupi kiasi hicho, zile sekunde za kumimina na kumwaga zinaanza kuonekana kwenye picha, mbingu inatoka na mawimbi. Ndiyo maana penye joto tunazimua, ili muda urefuke. Hiyo ya kuzimua hairudishwi dumuni, ukimaliza unamwaga.

Namna ya kushika 24 bila mashine: karai kubwa la maji, madumu yote na tangi lenyewe yasimame humo. Nunua zile barafu za mifuko za watoto, zitie kwenye maji ya karai na mifuko yake. Barafu isiingie kwenye dawa, itaizimua na vipimo vyako vyote vitakuwa uongo. Na ndoo za kuoshea uziandae mapema kando, nazo 24. Watu wanatunza devolopa vizuri halafu wanamalizia kwa bomba la moto.

Zamani kulikuwa na dawa za nchi za joto hasa. Kodak walikuwa na fomula ya DK-15, ina salfeti ya sodiamu ya kuzuia jelatini isivimbe, na mkanda ukimaliza ulipita kwenye fiksa yenye shabu ya kukaza. Usije ukakimbilia sokoni kununua shabu ukaitia kwenye fiksa yako. Shabu inataka fiksa yenye asidi ya kutosha, vinginevyo utapata machicha meupe yatakayoganda juu ya mkanda, na hapo utarudi na uzi mwingine.

kalenga_iringa

Mama amemaliza. Niongeze tu kwamba shida yetu huku Iringa ni kinyume. Julai maji yanatoka bombani ya kukata vidole. Ndani ya D-76 kuna viungo viwili vinavyofanya kazi kwa kusaidiana, metoli na hidrokwinoni, na huyu wa pili akipata baridi kali anazubaa kabisa. Unaongeza muda weee, mkanda bado unatoka mwepesi, hauna weusi wa kutosha. Sisi tunapasha karai kwa maji ya birika. Tukipata hizo 31 zenu tutashukuru.

nuru_tudor

Mama nimekusoma, na nimecheka hapo kwenye juisi ya watoto kwa sababu jirani yangu alinusurika hivyohivyo.

Mimi niguse ukaushaji, maana ukishavuka hayo yote pwani bado ina mengine. Maji ya kisima huku kwetu yana chumvi na chokaa. Yakikaukia kwenye mkanda yanaacha viduara vyeupe ambavyo kwenye skani vinaonekana angani kote. Suuza la mwisho mimi hutumia maji yaliyochujwa chumvi zote, ya kuongezea betri za gari, yale yanayouzwa petroli stesheni, na tone la Photo-Flo, dawa inayofanya maji yateleze yasiache madoa. Lakini soma lebo vizuri, kwa sababu rafu ileile huwa na asidi ya betri, na hiyo ni asidi ya salfa, haina mzaha na macho wala ngozi. Ukikosa Photo-Flo, tone moja dogo la sabuni ya vyombo.

Jambo la pili, dawa zikinikwamia bandarini mimi husafishia kahawa. Si utani. Wanaiita Caffenol, ilianzia darasa moja la Rochester Institute of Technology mwaka 1995. Kwa lita moja ya maji unatia gramu 54 za soda ya kufulia isiyo na maji, gramu 16 za vitamini C ya unga, na gramu 40 za kahawa ya unga ya papo hapo. Africafe ya Bukoba inafanya kazi safi kabisa. Dakika 15 kwenye nyuzi 20, na kwenye joto letu unapunguza kama mama alivyoeleza. Fiksa ni ileile ya kawaida, kahawa haibadilishi hapo.

Ila msidanganyike kutia magadi ya jikoni vivi hivi. Nilizunguka sana na mikanda iliyofifia kabla sijajua kisa chake. Magadi ya Ziwa Magadi ni trona, soda ya kufulia na baikaboneti zimeshikana pamoja na maji ndani yake, kwa hiyo alkali yake ni hafifu. Yakaange kwanza makavu kwenye karai la chuma, si sufuria ya aluminiamu, moto mkali, koroga mpaka yaache kutoa mvuke na yabaki unga mkavu. Baikaboneti inageuka soda, ndipo unapima gramu zako.

dakirumu74

Nuru, sabuni ya vyombo ina rangi na manukato, na yote yanabaki kwenye mkanda. Kama huna Photo-Flo, maji ya betri peke yake yanatosha. Kahawa yako siipingi, nimeona picha zake ni nzuri, lakini mwambie kijana ukweli wote: kwenye mkanda wa ASA 400, ule unaodaka mwanga haraka kama HP5 yake, hiyo fomula inaleta ukungu, mkanda mzima unakuwa wa kijivu. Wenye uzoefu hutia chembe ya bromaidi ya potasiamu kuuzuia. Yeye bado anachanganya madumu mawili, tusimwongezee la tatu.

Na mkishautundika mkanda ukauke, zimeni feni. Feni ya Dar inabeba vumbi la mtaa mzima na jelatini mbichi inalidaka. Bana kibanio cha nguo chini mkanda usijikunje. Ukikauka tu uutoe, ukate, uuweke kwenye karatasi zake, usiuache ukining'inia usiku kucha. Mende wanakula jelatini. Niliwahi kufungua dakirumu asubuhi nikakuta maharusi wameliwa miguu, na bwana harusi yuko mapokezi amekuja kuchukua picha.

mtoto_wa_temeke

Shikamoo mama. Nimefanya ulivyosema.

Chupa niliyoiandika D kwa kalamu, ulimi umekuwa wazi. Chupa ya F, ulimi umekuwa mweusi. Nadhani wino ulifutika kwa unyevu wa friji, mdogo wangu akaandika upya bila kuniuliza. Na ndiyo, zilikuwa chupa za maji ya kunywa, tena rafu ya pili chini ya maziwa. Zimeshatoka. Nimepata dumu la mafuta la njano na jingine jeusi. Fiksa inachukua sekunde 50 kuwa wazi, kwa hiyo nafikiri bado nzima.

Limebaki moja. Kuingiza mkanda kwenye rili (gurudumu la kuuviringishia ndani ya tangi) nafanyia ndani ya mfuko wa giza kwa sababu usiku watu wanagonga mlango wa bafu. Nikikaa humo dakika chache mikono inatoka jasho, mkanda unagoma katikati ya rili, nikilazimisha baadaye nakuta alama nyeusi za mwezi mchanga kwenye fremu. Hii nayo dawa yake nini?

dakirumu74

Marahaba mwanangu. Sekunde 50 ni nzuri. Ila ile dawa ya dumu la devolopa uimwage, utengeneze nyingine. Kama fiksa ilirudishwa humo hata vijiko viwili, hutajua itakufanyia nini. Na dumu la mafuta ulioshe kwa maji ya moto mpaka lisinuke, mafuta yakibaki yatashika kwenye mkanda.

Hiyo miezi ni mkanda kupindwa kwa vidole. Ukiukunja kwa nguvu, pale ulipokunjika panatoka peusi kama pameona mwanga. Rili ya plastiki ikipata unyevu wa jasho tu, mkanda unanata, na hapo nguvu haisaidii. Achana na mfuko. Mwambie mwenye bafu nusu saa moja ya usiku ni yako, ziba chini ya mlango kwa kanga mbili, kaa dakika tano gizani uone kama kuna upenyo wowote. Rili uianike juani tangu mchana ikauke kabisa. Kabla hujazima taa kata ulimi unyooke na pembe zake mbili uzikate mviringo, zisinase kwenye mifereji. Ukigoma, usisukume. Uchomoe wote, pangusa mikono kwa kitambaa kikavu, anza upya. Ukishindwa kabisa, mkanda na rili vyote viingie ndani ya tangi, funga kifuniko, washa taa, toka nje ukapunge upepo.

Halafu ule mrija mweusi wa katikati ya tangi usiusahau mezani. Bila huo kifuniko hakizuii mwanga, na mkanda utatoka mweusi wote, maandishi ya pembeni nayo yamezama. Ukiletewa mkanda wa hivyo hata usiulize dawa.

mtoto_wa_temeke

Ule mrija nilikuwa nauweka, ila nilidhani ni wa kukorogea tu, maana tangi la mtumba lilikuja nao umefungwa kando kwa mpira. Asante mama. Jumamosi narudi Feri na mkanda mpya. Nuru, yale maji ya betri Temeke nimeyaona lita tano, lebo imeandikwa yamechujwa, hayana asidi. Nachukua?

nuru_tudor

Chukua. Lita tano zitakufaa suuza la mwisho la mikanda mingi, na hata D-76 mpya uikorogee hayohayo. Ile ya unga inataka maji ya moto ya nyuzi 50 na ushee ili iyeyuke, usije ukaikoroga kwa maji ya 24 ukabaki na chengachenga chini ya dumu.